Sura ya Tisa: Ewaso Ng'iro Hadi Habaswein

Nyahururu kuna maporomoko ambayo mwanafunzi yeyote wa Kenya aliyekwenda ziara ya shule ameyaona, na asiyekwenda ameyasikia. Maji ya Ewaso Narok huanguka mita 74 kutoka ukingo wa mwamba mweusi, na juu ya ukingo huo kuna wauza vinyago, wapiga picha, hoteli na lango la kulipia kiingilio. Joseph Thomson, Mskoti, alipita hapo mwaka 1883 na jina lake likabaki kwenye ramani. Wageni huyatazama maji, hupiga picha, hunywa chai, hurudi makwao.

Maji hayarudi. Ewaso Narok huingia katika Ewaso Ng'iro, na Ewaso Ng'iro huvuka Laikipia, Samburu na Isiolo kwa mwendo wa kilomita 700 hivi, hadi Wajir Kusini, jirani na mji wa Habaswein. Hapo ardhi imekuwa tambarare kiasi kwamba mto hauna tena pa kuteremkia. Unatandaa, unageuka kinamasi kiitwacho Lorian, na unatoweka. Hapo hapana lango, hapana kibao, wala hapana anayeuza kadi za picha. Kampuni za utalii nchini humpeleka mgeni hadi Samburu, zikamwonyesha mto, kisha zikageuza gari. Mimi naamini zinageuza gari mapema mno. Mto huu hauwezi kueleweka bila mwisho wake, na mwisho wake uko Habaswein.

Lakini ili aone kitu pale, mgeni anahitaji kwanza kujua habari ya moto.

Msomaji wa pwani akisikia neno volkeno hukumbuka Ngazidja, kisiwa ambacho karibu chote ni mlima, na Karthala wenye mita 2,361 ulioamka mwaka 2005 ukafunika vijiji kwa majivu. Msomaji wa Lodwar hukumbuka Kisiwa cha Kati kilichomo Ziwa Turkana, chenye maziwa matatu madogo ndani ya kasoko zake: moja la mamba, moja la flamingo, moja la perege. Habaswein haina bahari, haina ziwa, na hakuna mlima unaoonekana kutoka sokoni. Mchanga, miiba, vichuguu na mbingu ndivyo vilivyopo. Hata hivyo karibu kila kinachouwezesha mji huu kuwapo kimetoka kwenye volkeno.

Tuanze na Mlima Kenya. Ule ni mlima wa moto uliozimika. Mlipuko wake mkubwa wa mwisho ulikuwa zaidi ya miaka milioni mbili na nusu iliyopita, na tangu hapo barafu na mvua vimekuwa vikiukwangua. Batian, kilele cha mita 5,199, pamoja na Nelion kilicho ubavuni mwake, ni kizibo cha mwamba mgumu kilichogandia kooni mwa volkeno. Kuta laini zilizokizunguka zimeliwa, kizibo kikabaki kimesimama. Mlima mrefu namna ile huzuia mawingu, na mawingu yakizuiwa hutoa mvua. Kutoka mitelemko yake ya magharibi na kaskazini hushuka Naro Moru, Burguret, Nanyuki, Likii na Timau, na kutoka safu ya Nyandarua, ambayo nayo ni kazi ya volkeno, hushuka mikono mingine. Yote hukutana Laikipia. Kwa hiyo Ewaso Ng'iro ni mvua iliyonaswa na milima ya moto kisha ikatumwa jangwani. Bonde lake lote, ukichanganya na malaga, yaani mikondo ya maji ya msimu, yote ya kaskazini yanayoelekea upande huo, lina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 210,000, zaidi ya theluthi moja ya Kenya, na sehemu kubwa ya bonde hilo haipati mvua ya kutosha kuotesha hata mtama.

Mto unapofika Archers Post, mgeni wa kawaida yuko mahali anapopajua. Ng'ambo moja ni hifadhi ya Samburu, ng'ambo ya pili ni Buffalo Springs, na mashariki ya barabara kuu ni Shaba. Wanyama wa pale wameshaandikwa sana: punda milia wa Grevy mwenye mistari myembamba, choroa, mbuni mwenye shingo ya buluu, swala twiga anayesimama kwa miguu miwili ili afikie majani ya juu, na twiga ambaye ngozi yake imechorwa mithili ya wavu wa mvuvi. Mimi ningemwomba mgeni ainamishe macho kidogo, atazame chini. Ndani ya Shaba barabara hupita juu ya mawe meusi yenye vitundu. Hiyo ni lava iliyotiririka kutoka vilima vya Nyambene vilivyo kusini. Chemchemi za Buffalo Springs hutoa maji safi pembezoni mwa jangwa kwa sababu hiyo hiyo: mvua ya milimani imezama katika nyufa za mawe ya volkeno, ikasafiri gizani, ikaibuka pale lava inapokomea. Joy Adamson, aliyeandika habari za simba Elsa, aliuawa katika hifadhi hii ya Shaba tarehe 3 Januari 1980, na wengi huja kwa ajili ya kumbukumbu yake. Ni haki yao. Ila jiwe walilolikanyaga kufika hapo lina hadithi ndefu zaidi.

Baada ya Shaba mto huingia katika nchi ambayo vitabu vya watalii huiruka. Kuna maporomoko mengine, madogo kuliko ya Nyahururu lakini makali, mto unapobanwa na mwamba mweusi. Yanaitwa Maporomoko ya Chanler, na jina hilo limebeba kisa kinachotuhusu sisi wasemaji wa Kiswahili kuliko kinavyowahusu wengine.

William Astor Chanler alikuwa kijana tajiri wa Marekani. Mwaka 1892 aliondoka pwani kupitia Mto Tana akiwa na Ludwig von Höhnel, ofisa wa jeshi la majini la Austria, yule yule ambaye miaka minne kabla yake alifika na Count Teleki kwenye ziwa ambalo leo ni Turkana na akachora ramani yake. Nyuma yao walitembea wapagazi kutoka Zanzibar na pwani, mizigo kichwani. Walikuwa wamesikia habari za ziwa kubwa liitwalo Lorian, lenye ndovu wasiohesabika, huko Ewaso Ng'iro unakokwenda. Mwishoni mwa mwaka ule na mwanzoni mwa 1893 waliufuata mto, wakapita maporomoko, wakapita chini ya ukingo wa nyanda ya Merti, na wakafika. Ziwa halikuwapo. Walikuta matete, matope na maji yaliyosimama, na mto ukiishia humo. Kitabu alichotoa Chanler mwaka 1896 kinaonyesha jinsi kukata tamaa kulivyomwingia. Tangu siku hiyo Lorian imekuwa ikiandikwa kama mahali palipomvunja mtu moyo, na naona dhuluma katika jambo hilo. Mtu aliyetafuta ziwa asipolipata, kosa si la kinamasi.

Nawafikiria zaidi wapagazi. Kati yao hakuna hata mmoja aliyeandika kitabu. Walibeba shanga, nguo na risasi kutoka ufukweni hadi mahali ambapo leo ni Wajir Kusini, na mwishoni mwa 1893, baada ya mateso mengi ya njiani, wengi wao walimwacha Chanler na kurudi pwani kwa miguu. Miongoni mwa watu wa pwani waliokwenda kuiona Lorian wakarudi kuisimulia, hao wamo mstari wa mbele, na masimulizi yao yalibaki barazani yakafa na wenyewe.

Ukitoka Chanler kuelekea mashariki, kaskazini ya mto huinuka nyanda ya Merti, meza ndefu iliyofunikwa kwa basalti. Ukingo wake hubadilika rangi kutwa nzima: kijivu asubuhi, wekundu wa kutu jua likichwea. Chini yake wako Waborana na ng'ombe wao, na mji mdogo wa Merti. Baada ya hapo ukingo hupungua, hushuka, hutoweka ardhini, na nchi inabaki tambarare tupu. Ndiyo dalili kwamba Lorian imekaribia.

Niseme wazi mgeni atakachokiona, kwa sababu ahadi za uongo ndizo zilizoiharibia sifa Lorian. Akifika mwezi wa Februari, mwishoni mwa jilali, ule msimu mrefu wa ukavu, huenda asione maji hata kidogo. Ataona udongo uliopasuka, mashina ya matete, na njia za mifugo zinazokutana kutoka pande zote. Akifika Juni, mvua kubwa ikiwa imenyesha vizuri milimani na huku chini pia, ataona majani ya kijani yanayomfika kifuani, ndege wa majini ambao hatawaona popote katika kilomita mia mbili za kuzunguka, na ngamia wakiwa ndani ya majani hadi magotini. Ngamia huja na mabwawa yao ya muda: vijana huchimba kwenye udongo laini, maji hujikusanya, na kundi hunyweshwa kwa zamu huku mchungaji akiimba. Zamu hizo zina sheria. Nani kaja kwanza, nani kasafiri mbali, ngamia wa mjane, ngamia wa mgeni: yote hupangwa na wazee, na mtu wa nje akikaa kimya saa moja kando ya kisima atajifunza utaratibu wa kugawana maji ambao vyuo vingi vingefaidika nao.

Katika miaka ya mafuriko makubwa, kama ile ya 1997 na ya mwisho wa 2023, Lorian hujaa ikafurika. Hapo maji hupata njia tena kupitia Laga Dera, mkondo mpana ambao kwa miaka mingi ni mchanga mtupu, na huelekea mashariki hadi Somalia. Barabara hukatika, familia huhama, mifugo huzama. Kisha malisho huota mahali ambapo watoto walikuwa hawajapata kuona nyasi. Nchi hii hupokea neema na msiba kutoka mto mmoja, wakati mwingine katika juma moja.

Kitu kikubwa kuliko vyote hapa hakionekani. Mto unapotandaa Lorian haufi. Sehemu yake huzama. Chini ya mchanga, kuanzia upande wa Merti, kupita chini ya Habaswein, hadi Dadaab, Liboi na kuvuka mpaka, kuna tabaka la ardhi lililojaa maji, ambalo wataalamu huliita hifadhi ya maji ya Merti. Katikati yake kuna ukanda wa maji matamu, na pembeni zake maji huwa ya chumvi. Visima virefu vya mashine hushuka zaidi ya mita 100 kuyafikia. Wataalamu waliopima maji hayo wamekuta kwamba mengi ni ya kale sana, yaliyozama maelfu ya miaka iliyopita. Mwaka 1991 na 1992, vita vilipowatoa watu Somalia, kambi za Ifo, Dagahaley na Hagadera zilijengwa karibu na Dadaab, na mamia ya maelfu ya watu walikunywa na wanaendelea kunywa kutoka tabaka hilo. Mvua iliyonyesha juu ya milima ya volkeno kabla ya lugha yoyote tunayoijua kusemwa ndiyo imo katika mitungi ya plastiki ya mama wa Hagadera. Nimewahi kusimama kwenye kisima cha Habaswein nikiwatazama wanawake wakijaza mitungi na kuipandisha kwenye mikokoteni ya punda, na nikaona kwamba hicho ndicho kivutio. Mgeni anayesafiri kutoka mbali kuona mabaki ya kale anaweza kuyagusa hapa kwa kiganja, kisha akayanywa.

Mji wenyewe umejipanga kando ya barabara kuu inayotoka Modogashe kwenda Wajir, kama kilomita 100 kabla ya Wajir. Kuna maduka yenye milango ya bati iliyopakwa rangi za kampuni za simu, misikiti, lori za mifugo, vumbi jekundu linalopenya hata ndani ya kisanduku cha sukari. Soko la mifugo ndilo pa kwenda kwanza, mapema asubuhi. Wauzaji na wanunuzi wa ngamia hushikana mikono chini ya kitambaa na kupatana bei kwa vidole, ili aliye kando asijue. Mgeni asiulize bei ya mnyama asiyetaka kumnunua. Akimwendea mzee, amwite adeer, yaani ami, na amtangulizie salamu ndefu: habari za safari, za nyumbani, za mvua, za mifugo. Huko salamu iliyokatwa fupi ni utovu wa adabu.

Katika mikahawa kuna anjera asubuhi, na suqaar, nyama iliyokatwa vipande vidogo ikakaangwa na vitunguu. Kuna nyirinyiri, nyama kavu iliyohifadhiwa katika samli, chakula cha msafiri tangu enzi na enzi. Na kuna maziwa ya ngamia yaliyofukizwa moshi, yenye ladha ambayo ulimi wa mgeni huhitaji siku mbili tatu kuizoea, na ukishaizoea unaitamani ukiwa Nairobi. Wanaoyauza ni wanawake, na biashara yao ndiyo inayolipia karo za watoto wengi wa hapa.

Alasiri gari huingia kwa kasi kutoka kusini magharibi likiwa na miraa. Inatoka Igembe, kwenye mitelemko ya Nyambene, vilima vile vile vilivyomwaga lava hadi Shaba. Udongo wa volkeno ni mzito, mwekundu, wenye rutuba, na mti wa miraa huupenda. Nina huzuni yangu kuhusu miraa na fedha zinazoondoka mifukoni mwa akina baba kila jioni. Nimewasikia akina mama wa Wajir wakiilalamikia, nami niko upande wao. Lakini kama mwandishi wa safari siwezi kuacha kuona kwamba mlima ule unaufikia mji huu kwa njia mbili, chini ya ardhi kwa maji na juu ya barabara kwa magunia.

Anayerudi Isiolo ajitahidi kupata siku moja ya Nyambene yenyewe. Upande wa kaskazini wa vilima hivyo tambarare imetapakaa vilima vidogo vya mviringo, kila kimoja kikiwa mdomo wa moto wa zamani. Kasoko ya Magado ndiyo ya kuiona. Ukisimama ukingoni unatazama chini shimo pana ambalo sakafu yake ni maji, tope na chumvi. Wafugaji huteremsha ng'ombe na ngamia kwa njia za kona kona hadi chini, na watu huchimba chumvi ya mifugo, wakaipandisha mgongoni mwa punda. Wameru, Waborana na Wasomali wote wameitegemea chumvi hiyo kwa vizazi, na wakati mwingine wameigombania. Kwenye mteremko ule kelele za wanyama hupanda juu zikiwa zimechanganyika na mwangwi, na mtu husikia kundi kabla hajaliona.

Na Marsabit? Marsabit ndicho kisiwa hasa. Kutoka Isiolo lami imenyooka kaskazini hadi Moyale, na baada ya saa kadhaa za tambarare kavu huinuka mlima wenye msitu, na juu yake ukungu. Ni volkeno pana iliyolala, yenye kasoko nyingi ambazo wenyeji huziita gof. Gof Redo iko karibu na mji. Gof Sokorte Guda ina ziwa ndani yake, Ziwa Paradise, ambako Martin na Osa Johnson, Wamarekani wapiga filamu, walijenga kambi yao katika miaka ya 1920 na kuishi miaka kadhaa wakipiga picha za ndovu. Ndovu maarufu zaidi wa mlima huo alikuja baadaye. Jina lake lilikuwa Ahmed, na pembe zake zilikaribia kugusa ardhi. Mwaka 1970 Rais Jomo Kenyatta alitoa amri ya kumlinda, akapewa walinzi, na alipokufa mwaka 1974 alikufa kwa uzee. Mfano wake umesimama katika Jumba la Makumbusho la Taifa, Nairobi. Msitu wa Marsabit huishi kwa ukungu: usiku hewa ya jangwani hupanda mlima, ikapoa, ikageuka umande na kudondoka kutoka kwenye ndevu za miti. Ukilinganisha Marsabit na Lorian utaona sehemu mbili za kijani katika nchi moja ya ukavu. Moja hupokea maji yake kutoka hewani, ya pili hupokea kutoka mbali kwa njia ya mto, na zote mbili zisingekuwapo kama ardhi isingepasuka na kutapika moto.

Basi kwa nini Marsabit ina lango na hoteli, na Habaswein haina? Umbali si jibu. Kwa barabara Habaswein si mbali na Nairobi kuliko Marsabit. Jibu limo katika siasa. Tangu enzi ya mkoloni Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini ilikuwa eneo la kufungwa, mtu hakuingia wala hakutoka bila kibali. Desemba 1963, majuma machache baada ya uhuru, hali ya hatari ilitangazwa katika mkoa huu, na sheria zake hazikuondolewa hadi Novemba 1991. Katika miaka hiyo 28 Maasai Mara, Amboseli na Malindi zilijengwa kuwa majina ya dunia, na Kaskazini Mashariki ilijengewa vizuizi vya barabarani. Februari 1984 wanaume walikusanywa kwenye uwanja wa ndege wa Wagalla, karibu na Wajir, na wengi waliuawa na vyombo vya dola. Mgeni anayefika Wajir aende Wagalla. Aende kwa heshima, asipige picha za watu wanaolia, na asiondoke akisema amekuja kuona twiga tu.

Baada ya 1991 vilikuja vita vya jirani, wakimbizi, kisha mashambulizi ya Al-Shabaab, na maonyo ya usafiri ya balozi za kigeni. Hatari hizo ni za kweli, hasa kadiri unavyousogelea mpaka, na sitamshauri mtu azidharau. Kabla ya safari uliza ofisi ya kamishna wa kaunti au polisi. Beba kitambulisho, kwa maana vizuizi ni vingi na Modogashe hupiti bila kuulizwa. Safiri mchana. Tafuta mwenyeji, mtu ambaye wazee wanamjua, na umlipe vizuri. Vaa nguo za kusitiri, usipange shughuli Ijumaa adhuhuri, na usimpige mtu picha kabla hajakubali. Mwezi mzuri ni Juni au Julai, barabara zikiwa zimekauka na malisho yangalipo. Wageni wa kwanza ninaowatamani kwa Habaswein ni Wakenya: wanafunzi wa jiografia, familia za Garissa mwishoni mwa juma, vijana wa Eastleigh ambao babu zao walizaliwa hapa nao hawajapaona.

Wanyama wako pia, nje ya hifadhi za serikali, wakiishi na mifugo. Sabuli, katika Wajir Kusini hii hii, ni hifadhi ya jamii. Desemba 2021, katika ukame ambao ulikuja kumaliza misimu mitano mfululizo bila mvua ya maana, picha ya twiga sita waliokufa Sabuli ilizunguka dunia nzima. Walikuwa wamenasa kwenye tope la bwawa lililokaribia kukauka, wakiwa dhaifu mno kujinasua. Kwa watu wengi wa Ulaya na Marekani hiyo ndiyo picha pekee ya Wajir waliyowahi kuiona. Haikuonyesha wafugaji waliokuwa wakigawana maji ya lori na wanyama wale, na walikuwapo.

Juu huko mtoni, maji ya Lorian yanapungua kabla hayajafika. Mashamba ya maua na mboga ya Nanyuki na Timau, mabomba ya miji inayokua, na wakulima wadogo wanaotaka kula kama mtu mwingine yeyote, wote huchota. Vyama vya watumiaji maji vimeundwa kugawa zamu, na vingine vimefanya kazi nzuri. Lakini wengi wa wanaokaa kwenye vikao hivyo ni wa juu, nao wa mwisho wa mto hupata kilichobaki. Kuna pia mpango wa bwawa kubwa pale Crocodile Jaw, mpakani mwa Isiolo, Samburu na Laikipia, uliofungamanishwa na mji wa kitalii uliokusudiwa Isiolo katika mradi wa LAPSSET. Tangu 2013 jamii za kando ya Ewaso Ng'iro zimekuwa zikitembea na msafara wa ngamia kulipinga, kijiji hadi kijiji, zikieleza kwamba mto ukizuiwa juu, malisho ya chini hayatafurikiwa, na ardhi isiyofurikiwa haipitishi maji kwenda kwenye tabaka la chini.

Hoja yao ina uzito ambao wahandisi wanapaswa kuujibu kwa takwimu. Maji yanayozama Lorian ndiyo yanayosaidia kujaza hifadhi ya Merti, na juu ya hifadhi hiyo kuna Habaswein, kuna vijiji vya Laga Dera, kuna kambi za Dadaab. Habaswein yenyewe ilishawahi kupinga mradi wa kuchota maji yake na kuyapeleka Wajir kwa bomba, si kwa uchoyo, maana wana ndugu Wajir, bali kwa sababu hakuna aliyewaonyesha hesabu ya kiasi kinachoingia ardhini kwa kila kinachotolewa. Hesabu hiyo inawezekana. Inahitaji vipimo vya mto vinavyofanya kazi kuanzia Archers Post hadi Merti, visima vya uchunguzi visivyopampwa, na ripoti zinazosomwa kwa Kisomali na Kiswahili mbele ya wazee kabla hazijatiwa sahihi Nairobi. Mgeni atakayefika pale na kuuliza maji ya mwaka huu yamefika wapi atajibiwa mara moja, kwa jina la mti au la kisima, na mtoto wa miaka kumi.